Msimpumzishe Mama: Kisukari na Nguvu za Miguu Uzeeni

Siku mzee anaporudi kutoka hospitali na habari kwamba ana kisukari, nyumba nyingi huchukua hatua mbili kabla jua halijazama. Kwanza vyakula vinapigwa marufuku: wali usiingie kinywani mwake, ndizi zisionekane, nyama nyekundu ni sumu, mayai yana mafuta, maharage yana wanga, maziwa yana sukari. Kisha anapokonywa kazi. Mwanawe aliye mjini anapiga simu: "Mama, jembe liweke chini sasa. Umetulea vya kutosha, zamu yako kupumzika." Anatafutiwa binti wa kumchotea maji, kiti cha plastiki kinawekwa kibarazani, na mama anakaa.

Hatua hizo zote mbili zinatoka kwenye mapenzi, na sina neno baya kwa watoto wanaozichukua. Lakini zikiungana hufanya kazi ambayo ugonjwa peke yake ungehitaji miaka mingi kuifanya. Baada ya mwaka mmoja au miwili mapaja ya mama yamekonda, anashika ukuta akienda msalani, hawezi tena kupanda ngazi ya daladala bila kuvutwa mkono, na majirani wanasema sukari imemmaliza. Sukari imechangia, ni kweli. Sehemu kubwa iliyobaki imefanywa na kiti na sahani.

Makala haya nayaandika kwa wenye kisukari waliovuka miaka 60, na zaidi kwa watoto na wajukuu wanaowatunza. Ninalotaka mlibebe ni moja: kwa mzee mwenye kisukari, nguvu za miguu ni sehemu ya tiba ya sukari, na zinastahili kulindwa kwa juhudi ileile tunayolindia namba za kwenye mashine.

Tuanze na jinsi mwili unavyofanya kazi. Tukila ugali, wali, muhogo au chapati, wanga husagwa na kuingia kwenye damu ukiwa sukari. Sukari hiyo lazima ipate pa kwenda. Ini huchukua sehemu yake, lakini ghala kubwa ni misuli, hasa ya mapaja na makalio. Katika vipimo vya maabara ambamo mtu huongezewa insulini mshipani, misuli ndiyo iliyoonekana kupokea karibu asilimia 80 ya sukari inayotoka kwenye damu. Ghala likipungua, sukari ileile iliyokuwa ikihifadhiwa bila taabu inabaki ikizunguka. Ndiyo maana mtu anaweza kula kama alivyokula akiwa na miaka 45, akanywa dawa zilezile, na bado namba zikapanda akifika 65.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa wachache wameelezwa. Msuli unaofanya kazi hupokea sukari hata pale insulini inapokuwa haba au mwili unapokuwa umeacha kuitikia. Kila mara paja linapojikunja kumwinua mtu kutoka kwenye kiti, sukari inaingia ndani ya msuli kwa njia isiyotegemea insulini. Na kazi ikiisha, kwa saa kadhaa baadaye msuli huo unaisikia insulini vizuri zaidi kuliko mwanzo. Hakuna kidonge kinachofanya hivyo kwa namna hiyohiyo.

Misuli hupungua kwa kila binadamu. Kuanzia miaka 30 hivi tunapoteza kati ya asilimia 3 na 8 kila baada ya miaka 10, na baada ya 60 kasi inaongezeka. Upungufu ukifika mahali pa kumnyang'anya mtu nguvu za shughuli za kila siku, wataalamu wanauita sakopenia, jina lililopendekezwa mwaka 1989 na daktari wa Marekani, Irwin Rosenberg. Huko kwao Marekani ulipewa namba yake katika orodha ya magonjwa mwaka 2016 tu. Tusishangae basi kwamba katika kliniki zetu nyingi mzee hupimwa sukari, presha na uzito, akaandikiwa dawa, akaondoka bila mtu kumwomba asimame kutoka kwenye kiti.

Kisukari huharakisha upotevu huo. Mwili usioitikia insulini hujenga misuli kwa uvivu na kuibomoa kwa urahisi. Sukari ikiwa juu sana kwa muda mrefu, seli zinakosa nishati katikati ya wingi, na mwili unaanza kula nyama yake wenyewe. Ndiyo sababu mgonjwa ambaye hajaanza dawa hukonda haraka. Neva za miguu zikiharibika, misuli inayoamrishwa na neva hizo nayo inasinyaa. Watafiti waliwafuatilia watu wenye miaka 70 hadi 79 katika miji ya Pittsburgh na Memphis kwa miaka mitatu, wakapima nguvu za magoti mwanzo na mwisho. Wote walipungukiwa, lakini wenye kisukari walipoteza nguvu kwa kasi kubwa zaidi. Halafu misuli ikipungua, sukari inazidi kuwa ngumu kudhibiti, na sukari ikipanda, misuli inazidi kupungua. Mzunguko huo hauvunjwi kwa kuongeza dozi pekee.

Msidanganywe na mwili mkubwa. Mama mwenye kilo 90, mwenye kiuno kipana na mikono minene, anaweza kuwa na mapaja yaliyobaki mafuta ndani na nyama kidogo. Mizani haitasema. Tena mizani inaweza kuwafurahisha kwa jambo la hatari: mzee mnene amepungua kilo 8 kwa miezi michache, watu wanapiga makofi, kumbe sehemu nzuri ya kilo hizo ni misuli. Hili linawahusu pia wanaotumia sindano mpya za kupunguza uzito, zenye semaglutaidi na dawa za jamii yake. Zinashusha sukari na uzito kweli, lakini mtu mwenye umri mkubwa anayezitumia bila mazoezi ya nguvu na bila protini ya kutosha hupoteza mafuta pamoja na misuli.

Kupima nyumbani hakuhitaji mashine. Chukua kiti kigumu kisicho na mikono, kiegemeze ukutani kisiteleze, mwombe mzee akunje mikono kifuani, asimame wima kabisa na kukaa mara tano, haraka kadiri awezavyo. Wewe simama karibu naye ukiwa na saa. Akizidi sekunde 15, au akishindwa kuinuka bila kusukuma kwa mikono, misuli yake ya mapaja inahitaji msaada. Kipimo cha pili wanakitumia sana Japani: mzee akae, azungushe vidole gumba na vidole vya shahada vya mikono yote miwili kwenye sehemu nene zaidi ya shavu la mguu. Vidole visipokutana, vizuri. Vikikutana na bado nafasi ikabaki, ni dalili ya kuifuatilia. Miguu ikiwa imevimba kipimo hiki hakifai, maana maji yatajifanya nyama.

Na yapo yanayoonekana bila kupima. Anashindwa kufungua kifuniko cha chupa. Ndoo aliyokuwa akiibeba anaiburuta. Anavuka barabara polepole kiasi kwamba madereva wanampigia honi. Ameacha kukaa mkekani, anasema magoti, lakini ukimuuliza vizuri si maumivu: ni kwamba akikaa chini hawezi kuinuka. Ameanguka mara moja mwaka huu, hakusema. Yoyote kati ya haya yaandikeni, yapelekwe kliniki pamoja na kadi ya sukari.

Sasa tiba yenyewe. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya na wakazi 10 wa makao ya wazee mjini Boston, watu wa miaka 90 hivi, dhaifu, wenye maradhi zaidi ya moja. Kwa wiki 8 wazee hao walinyanyua uzito kwa miguu mara tatu kila wiki, na si uzito wa kujifariji bali uzito unaotoa jasho. Mmoja hakumaliza. Kwa tisa waliobaki, nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaanza kutembea bila fimbo. Nawakumbusha utafiti huu kila ninaposikia mtu wa miaka 66 akiambiwa kwamba umri umekwenda.

Zoezi la kwanza, na kama mtafanya moja tu basi liwe hili, ni kukaa na kusimama kwenye kiti. Mzee akae mbele kidogo ya kiti, nyayo zikanyage chini vizuri, ainame mbele, asimame, halafu ashuke taratibu akihesabu moja, mbili, tatu kabla makalio hayajagusa. Kule kushuka taratibu ndiko kunakojenga zaidi, nako ndiko watu wanakokuruka kwa kujitupa kitini. Afanye mara 8 hadi 10, apumzike dakika mbili, arudie, apumzike, arudie. Asiyeweza kuinuka kabisa aongezewe mto juu ya kiti, au aanze kwa kushika meza, kisha wiki kwa wiki mto upunguzwe. Anayeona ni rahisi apakate kidumu cha maji cha lita 3, baadaye cha lita 5. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hamuhitaji kununua vyuma.

Kanuni ya kujua kama zoezi linafaa ni kwamba miinuko miwili ya mwisho iwe migumu. Mzee akimaliza kumi huku anaendelea na hadithi ya jirani, uzito ni mdogo, uongezeni. Hapa ndipo mapenzi yetu yanapokosea tena: tunawapa wazee mazoezi ya kunyoosha vidole na kuzungusha shingo, tunaogopa wakitweta. Misuli haijengeki bila kuelemewa. Lakini asizuie pumzi wakati wa kuinuka, kwa kuwa presha hupanda ghafla. Njia rahisi ni kuhesabu kwa sauti, maana anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi.

Kwa mikono na mgongo, asukume ukuta kama anayetaka kuuondoa mahali pake, kifua kikisogea mbele na kurudi. Kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwenye nguzo imara kinatosha kuvutia viwiko nyuma. Kwa mashavu ya miguu, ashike fremu ya mlango, ainuke kwa vidole na kushuka. Kwa uwiano wa mwili, asimame mguu mmoja huku mkono uko juu ya meza, sekunde 10, kisha mguu wa pili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka waliofikisha miaka 65 wafanye mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, ya kujenga uwiano wa mwili siku tatu au zaidi, na kutembea au shughuli nyingine ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Siku za nguvu zipishane, kwani msuli hujengeka siku ya kupumzika. Katika wiki za mwanzo mzee atahisi maumivu ya kawaida ya misuli, ambayo huisha baada ya siku mbili. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au goti kuvimba ni mambo ya kusimamisha zoezi na kwenda kuonwa.

Wapo wanaopaswa kuuliza daktari kabla ya kuanza. Aliyeambiwa mishipa ya nyuma ya macho imeharibiwa na kisukari asinyanyue vitu vizito mpaka amewaona wa macho, kwa kuwa presha ya kukaza mwili inaweza kupasua mishipa hiyo. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha isiyotulia, vivyo hivyo. Mwenye ganzi miguuni asifanye mazoezi pekupeku wala kwa kandambili. Avae viatu vilivyofunika vidole, na jioni nyayo zitazamwe, hata kwa kioo au na mjukuu, maana anaweza kukanyaga msumari na asijue.

Kuhusu mama wa kijijini ambaye bado analima: mwacheni alime. Punguzeni ekari, mpeni jembe jepesi, aende asubuhi jua likiwa dogo, apumzike adhuhuri. Msimwondoe shambani kwa siku moja kama anayefukuzwa kazi. Kuinama, kupalilia, kubeba kuni chache, kuchuchumaa na kuinuka mbele ya jiko, hayo ni mazoezi ambayo watu wa mjini wanayalipia. Vilevile anayeswali na bado anaweza kuinuka kutoka kwenye sijida asikimbilie kiti kwa sababu tu ametimiza miaka fulani. Mwenye maumivu ana ruhusa yake, lakini mwenye uwezo anapoteza miinuko mingi kwa siku bila sababu.

Kutembea nako kuna saa yake. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago waliwalinganisha wagonjwa wa kisukari wakitembea dakika 30 kwa wakati mmoja na wakitembea dakika 10 baada ya kila mlo. Kutembea baada ya kula kulishusha sukari ya baada ya mlo kuliko kutembea kwa mkupuo, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi baada ya chakula cha jioni. Hili linatuhusu sana sisi ambao mlo mzito wa wanga ni wa usiku, na baada yake ni televisheni halafu kitanda. Kuleni mapema kidogo, kisha mmoja wa vijana amshike babu mkono wazunguke mtaa kabla giza halijaingia. Pasipo usalama nje, uani panatosha. Ila msifikiri kutembea kunatosha peke yake. Kunasaidia sukari na moyo, lakini hakujengi paja kama kiti kinavyolijenga.

Tufike kwenye sahani, ambako naona madhara makubwa zaidi. Mzee aliyeogopeshwa huishia na chai ya rangi na kipande cha mkate asubuhi, ugali wa dona na mchicha mchana, na ugali uleule na mchuzi usiku. Wanga haukupungua sana. Kilichopungua ni protini, ambayo ndiyo inayojenga misuli. Wataalamu wa lishe ya wazee wanashauri gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, zaidi ya kiwango cha 0.8 kinachotajwa kwa watu wazima wote. Mama wa kilo 60 anahitaji basi gramu 60 hadi 72. Kwa mlo niliouelezea huenda asifike hata nusu.

Na haifai kula yote kwa mkupuo mmoja wa pilau ya Jumapili. Msuli wa mzee ni mzito wa kusikia. Protini kidogo kidogo haiuamshi, na ikizidi sana kwa mlo mmoja ziada haijengi kitu. Lengeni gramu 20 hadi 30 katika kila mlo, na uangalizi mkubwa uwe kwenye kifungua kinywa, ambacho kwetu karibu kila mara ni wanga mtupu. Yai moja lina gramu 6. Glasi ya maziwa au mtindi usiotiwa sukari ina 8. Mayai mawili na glasi ya maziwa, tayari 20. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina 15. Kunde, choroko, dengu na mbaazi haziko mbali na hapo. Kwa watu wa Pwani, mbaazi za nazi zilikuwapo kwenye kifungua kinywa siku zote, kwa hiyo zidisheni mbaazi na mpunguze mahamri. Kipande cha gramu 100 cha samaki, awe perege, kibua au changu, kina 20 na zaidi kidogo. Gramu 30 za dagaa wakavu zinapita 15, na kwa bei hakuna nyama inayowafikia. Waosheni vizuri kupunguza chumvi na mchanga.

Maharage yana wanga, ni kweli, lakini wanga wake huingia kwenye damu taratibu na unakuja na protini na nyuzinyuzi. Anayemnyima mgonjwa maharage akamwongezea ugali amemdhuru mara mbili. Mayai nayo yamesingiziwa kupita kiasi. Yai moja au mawili kwa siku kwa mzee anayekonda ni chakula cha kumwinua, na mwenye lehemu nyingi aulize daktari wake.

Tatizo lingine ni meno, na hatulizungumzi. Mzee anayesema hapendi nyama mara nyingi hawezi kuitafuna, na anaona haya kusema. Tunampa supu, tunajisifu kwamba amekunywa supu ya makongoro bakuli zima, lakini mchuzi bila nyama una protini kidogo sana. Isageni nyama, au ipikeni mpaka ichambuke. Dagaa wakavu wakisagwa kuwa unga hutiwa kwenye mboga au uji usiotiwa sukari bila kuhitaji jino hata moja. Karanga zisagwe zitiwe kwenye kisamvu. Na mfuatilieni bibi anapokula, kwa sababu bibi wengi wana tabia ya kuhamisha kipande chao cha samaki kwenda kwenye sahani ya mjukuu. Katika familia nyingi firigisi ilikuwa ya baba na hakuna aliyethubutu kuigusa; turudishe heshima ya namna hiyo, safari hii kwa wazee wote wawili.

Mzee aanze kula samaki na mboga, ugali umalizie. Kwa mtu mnene, nusu ya sahani iwe mboga. Kwa mzee aliyekwishakonda msiijaze sahani majani yakamshibisha kabla ya protini. Mpeni parachichi, karanga, mafuta kidogo kwenye mboga, na wanga wa kiasi. Kumnyima wanga wote mtu anayekonda ni kumfanya achome misuli yake. Mwenye ugonjwa wa figo ana hesabu tofauti, na ndiye pekee ambaye namba za protini nilizozitaja hazimhusu mpaka daktari aseme. Kwa hiyo kila mwenye kisukari apimwe figo, damu na mkojo, angalau mara moja kwa mwaka. Unga wa protini wa makopo unaouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp uachwe. Bei ya kopo moja inaweza kununua mayai ya wiki nyingi.

Kisha kuna hatari ambayo familia haziioni inapokuja. Mzee anapungua hamu ya kula, anakonda, lakini dozi ya dawa ni ileile aliyoandikiwa akiwa na kilo 15 zaidi. Sukari inashuka. Kwa kijana kushuka kwa sukari ni jasho, kutetemeka na njaa. Kwa mzee kunaweza kuonekana kama kuchanganyikiwa, maneno yasiyoeleweka, hasira, kuanguka alfajiri, na nyumba ikasema ni uzee, au ikaita wa kumwombea. Pimeni. Sukari ikiwa chini ya 3.9 (mmol/L) na anaweza kumeza, apewe vijiko vidogo vitatu vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya soda ya kawaida, apimwe tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini apewe tena. Ikipanda, ale chakula. Asiyeweza kumeza msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Kama mashine haipo na dalili zipo, mpeni sukari kwanza, maswali baadaye.

Wanaotumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamidi wapime kabla ya mazoezi. Ikiwa chini ya 5, wale ndizi au kipande cha mkate kwanza. Na kuhusu glibenklamidi hiyohiyo: Shirika la Afya Duniani lilipoingiza gliklazidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2013, lilieleza kwamba glibenklamidi haiwafai waliozidi miaka 60, kwa sababu hushusha sukari kwa muda mrefu mno. Bado wazee wengi wanaimeza. Msiiache wenyewe, ila ulizeni kama kuna badala yake. Metformini ni dawa nzuri, lakini ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo huleta ganzi na udhaifu wa miguu ambao tunausingizia kisukari. Kipimo cha B12 kipo katika hospitali kubwa. Na malengo ya kipimo cha HbA1c si sawa kwa wote: mzee mwenye nguvu anaweza kulenga kati ya asilimia 7 na 7.5, lakini kwa dhaifu mwenye maradhi mengi madaktari wengi wanaridhika akiwa chini ya 8, kuliko kumsukuma chini mpaka aanguke msalani.

Kwa waumini wanaofunga Ramadhani, mzee aliyekonda na anayetumia dawa za kushusha sukari aonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Dini imempa ruhusa mgonjwa. Atakayekubaliwa kufunga asiruke daku, daku hiyo iwe na mayai, samaki au kunde, na futari isiwe viazi, mihogo na ndizi za nazi peke yake. Mazoezi ya kiti ayafanye baada ya kufuturu, kamwe si alasiri.

Kitanda ni adui mwingine. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2007, wazee wenye afya njema walilazwa tu, bila ugonjwa, kwa siku 10. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Mgonjwa wa kweli hupoteza zaidi. Mzee akilazwa kwa malaria au nimonia, ulizeni kila asubuhi kama anaruhusiwa kukaa kitini wakati wa kula na kutembea mpaka dirishani. Akiwa na kidonda mguuni asiukanyage, lakini mikono na mguu mzima vifanye kazi akiwa amekaa.

Siku ya kliniki nendeni na vitu vitatu vilivyoandikwa: sekunde za kusimama mara tano, uzito wa miezi iliyopita, na saa ambazo sukari imeshuka. Ulizeni kama dozi bado inamfaa kwa uzito wa sasa na kwa mazoezi aliyoanza, kwa sababu misuli ikirudi, dawa nayo inaweza kuhitaji kupunguzwa. Ulizeni kama kuna mtaalamu wa fiziotherapia anayeweza kumwona hata mara moja. Na anayemsindikiza asibaki nje kwenye benchi. Aingie naye chumbani, kwani mzee akiulizwa hali atajibu salama, hajambo, anamshukuru Mungu. Msindikizaji ndiye atakayemwambia daktari kwamba siku hizi mama anashika ukuta, na kwamba Jumanne alianguka uani.